Wanafunzi wanajua habari inahusu nini, ila hawajui mwandishi anataka nini. Tuwafundisheje?

ChakiNyeupe, Mbagala

Habari za jioni wadau wa elimu. Naomba msaada wa walimu wa Kiswahili, hasa mnaosahihisha ufahamu mara kwa mara. Ni kidato cha pili, darasa la tuisheni. Maswali ya "taja" na ya maana ya maneno wanayamudu. Wakiulizwa "Lengo la mwandishi ni nini?" wanapotea. Kifungu ni hiki:

"Mvua kubwa zinaponyesha, maji ya Mto Msimbazi hupanda hadi barabara ya Jangwani na magari husimama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wengi mabondeni. Wapo wanaosema eti mvua za siku hizi ndizo kali. Huenda ni kweli. Hata hivyo, mvua haitupi chupa mtaroni. Chupa, mifuko na vifuu vinavyoziba mitaro yetu hutoka mikononi mwetu. Mtaro ukiziba, maji yapite wapi? Manispaa inaweza kuzibua mtaro leo, lakini ukijazwa taka kesho, kazi hiyo ni bure. Hatuna budi kuanzia mlangoni petu: kila kaya iwe na chombo cha taka chenye mfuniko, na kila mtaa upange siku ya kusafisha mtaro kabla ya Machi."

Majibu yanayojirudia ni haya manne:

a) Lengo la mwandishi ni mafuriko.
b) Lengo la mwandishi ni kuelimisha jamii.
c) Lengo la mwandishi ni kueleza kwamba mvua za siku hizi ni kali.
d) Lengo la mwandishi ni kuilaumu manispaa.

Ule mgawanyo wa kuarifu, kushawishi na kuburudisha wanaukariri vizuri, lakini wakifika kwenye kifungu wanabahatisha kimoja kati ya vitatu. Je, tatizo liko kwenye kusoma au kwenye kuandika jibu? Na hatua za kuwafundisha ziwe zipi?

Peni Nyekundu, Kinondoni

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Tatizo liko kotekote, na kila jibu kati ya hayo manne lina ugonjwa wake. Usiyatibu kwa dawa moja.

Jibu (a) ni mada. Mada hujibu "habari inahusu nini?" Lengo hujibu swali jingine: msomaji akimaliza sentensi ya mwisho, mwandishi anataka awe amejua nini, ameamini nini, amehisi nini, au aende akafanye nini? Kwa hiyo jibu la lengo lisiloanza na kitenzi cha KU- lirudishwe hapo hapo kabla hata hujalisoma hadi mwisho. Na angalia, hata kama mada ndiyo ingeulizwa, wamekosea. Hesabuni pamoja darasani: neno "mafuriko" limetokea mara moja tu, "mtaro" na ndugu zake "mtaroni" na "mitaro" mara tano. Mwanafunzi kaona Jangwani, kaona Msimbazi, akamalizia mwenyewe kwa yale anayoyasikia redioni kila masika. Amejibu kwa anachojua badala ya kujibu kwa kilichoandikwa.

Jibu (b) ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sisi walimu ndio tuliolipanda. Kwenye fasihi tunawakaririsha dhima: kuelimisha, kuburudisha, kuonya, kuadilisha. Wakifika kwenye ufahamu wanachomoa la kwanza kwenye orodha. "Kuelimisha jamii" linaweza kubandikwa kwenye kifungu chochote, cha malaria, cha mkaa, cha bodaboda, na jibu linalofaa kila kifungu halijajibu kifungu hiki. Waambie hivyo kwa maneno hayo hayo, kisha piga marufuku neno "jamii" kwenye majibu ya lengo kwa mwezi mzima. Waandike ni nani hasa: wakazi, wazazi, wavuvi, abiria, vijana.

Jibu (c) limetokana na kuruka neno dogo lenye herufi tatu. "Wapo wanaosema eti..." Kwa Kiswahili, "eti" katika sentensi kama hii ni mwandishi kujitenga na maneno anayoyapeleka. Anasema: haya ni yao, si yangu. Kisha anakubali nusu kwa "Huenda ni kweli", halafu "Hata hivyo" inageuza gari. Kilicho baada ya "hata hivyo" ndicho chake.

Jibu (d) linafanana na (c). Sentensi ya manispaa iko pale kuziba mdomo wa msomaji anayejiandaa kusema "si kazi yangu, ni kazi ya manispaa". Soma tena: manispaa *inaweza* kuzibua. Hajailaumu popote. Anayejaza taka hakutajwa, kitenzi ni "ukijazwa", lakini sentensi mbili nyuma ameshasema zinatoka "mikononi mwetu".

Sasa hatua. Kwa kifungu cha maneno 100 hadi 150, kwa penseli:

Soma mara moja bila kuandika kitu. Soma mara ya pili ukizungushia kila neno linalogeuza mwelekeo: lakini, hata hivyo, ingawa, bali, kumbe. Kisha pigia mstari kila mahali mwandishi anapoacha kueleza hali ilivyo na kuanza kusema inavyotakiwa iwe. Hapa ni "hatuna budi", "iwe na", "upange". Baada ya hapo funika kifungu kwa kiganja na umalizie sentensi hii: "Mwandishi ameandika ili [nani] [afanye/ajue/aamini/ahisi nini]." Ikishapatikana, igeuze kuwa jibu:

"Lengo la mwandishi ni kuwashawishi wakazi wa Dar es Salaam waache kutupa taka mitaroni na wasafishe mitaro ya mitaa yao kabla ya mvua kubwa."

Kitenzi, mlengwa, jambo. Kikikosekana kimoja jibu linachechemea. Mwisho mwanafunzi atafute ushahidi mwenyewe: maneno mawili au sentensi mbili kutoka kwenye kifungu. Asipopata ushahidi, lengo hilo amelitunga yeye.

Hatua ya kufunika kwa kiganja msiiache. Mwanafunzi anayeandika huku kifungu kiko wazi hunakili sentensi ya mwisho nzima na kuiita lengo.

Kitivo, Changanyikeni

Naunga mkono karibu yote ya Peni Nyekundu, ila nina mawili.

Kwanza, msiwafundishe kwamba lengo hukaa mwishoni. Kwenye kifungu hiki limekaa mwishoni. Lakini vifungu vingi vya mitihani ni vipande vilivyokatwa kutoka maandishi marefu, na kipande kinaweza kuishia katikati ya mfano. Makala ya gazeti nayo mara nyingi huweka jambo kuu aya ya kwanza. Mkataji akibakiza aya mbili za mwanzo tu, sentensi ya mwisho itakuwa maelezo ya ziada tu.

Pili, tuziamini dalili za kisarufi lakini tuzipime. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, pengine kuliko tunavyowaonyesha watoto, kwa sababu nia ya msemaji hujificha ndani ya kitenzi chenyewe.

Kiambishi hu- ("maji hupanda", "magari husimama") ni cha jambo la kawaida, la kila mara. Kifungu kilichojaa hu- toka mwanzo hadi mwisho kwa kawaida kinafafanua. Mfululizo wa -ka- ("akaingia, akaketi, akacheka") unasimulia. Kiishio -e ("tuache", "upange", "iwe") kinaelekea kwenye kutaka jambo lifanyike. Swali lisilongoja jibu, kama "maji yapite wapi?", linamsukuma msomaji ajijibu mwenyewe na kukubali. Nafsi "sisi" na "-etu" inamweka mwandishi na msomaji upande mmoja. Anayekosoa kwa ukali mara nyingi husema "wao" au "ninyi".

Lakini pima. "Mmea huhitaji mwanga ili ukue" ina -e, na hakuna anayeshawishiwa. Hiyo -e imeletwa na "ili", na sentensi ni ya ufafanuzi. "Lazima maji yafike nyuzi 100 ndipo yachemke" ina "lazima", nayo ni sayansi tu. Kwa hiyo swali la kupima ni: anayetakiwa kutenda ni mtu anayesoma? Kama ni mmea au maji, usihesabu. Vilevile -e iliyomo ndani ya alama za kunukuu ni ya aliyenukuliwa. Mwandishi anaweza kumnukuu diwani akisema "tuhame" ili ampinge aya inayofuata.

Kuna vineno vingine vya kuwakazia macho. Linganisha "Watu 20 walijitokeza kusafisha mtaro" na "Watu 20 tu walijitokeza kusafisha mtaro". Idadi ni ile ile, ila ya pili ina masikitiko ndani yake. "Sababu walizotoa" na "vijisababu walivyotoa": kwenye ya pili mwandishi ameshahukumu. "Bado hawajalipa" inabeba matarajio kwamba walipaswa wawe wamelipa. Mwanafunzi aliyezoea kutafuta maneno makubwa magumu huyapita haya kwa sababu anayajua tangu utotoni.

Kuhusu vikapu vitatu vya kuarifu, kushawishi na kuburudisha: kwa darasa la tano na la sita vinatosha kuanzia. Kwa sekondari vivunjwe. Ndani ya "kuarifu" kuna kufafanua, kulinganisha, kuelekeza. Ndani ya "kushawishi" kuna kuhamasisha, kushauri, kutahadharisha, kukosoa, kutetea. Tofauti zina maana kwenye alama. Kutahadharisha kunahitaji hatari itajwe na matokeo ya kuipuuza yatajwe. Kushauri kunatosha na njia bora. Mwanafunzi akiandika "kutahadharisha" aulizwe: hatari iko sentensi ya ngapi?

Mzazi_Tabata

Asanteni sana walimu, nafuatilia. Mwanangu yuko darasa la saba, kwao maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Huko hakuna sehemu ya kuandika sentensi yenye mlengwa na ushahidi. Hatua hizi zinamfaa, au wao wana njia yao?

Kitivo, Changanyikeni

Zinamfaa, mama, ila aongeze moja: aunde jibu lake kichwani *kabla* ya kutazama machaguo. Akianza na machaguo, yatamvuta, maana yametungwa yamvute. Tutumie kifungu kile kile:

Lengo kuu la mwandishi wa habari hii ni
A. kueleza historia ya mafuriko ya Mto Msimbazi
B. kuwataka wakazi wazuie taka kuingia mitaroni
C. kuilaumu manispaa kwa kutozibua mitaro
D. kuhimiza usafi wa mazingira nchini
E. kuthibitisha kuwa mvua zimeongezeka

A ni kweli kwa sentensi moja kati ya tisa. Ni jibu dogo mno. C na E yamechukua maneno ya kifungu na kuyapachika nia isiyokuwepo. Mtoto huyachagua kwa sababu anaona neno alilolisoma muda si mrefu. Hatari kwa watoto wazuri ni D. Si uongo, linasikika la heshima, na linafanana na mabango ya shuleni. Lakini ni pana mno: lingefaa pia kifungu cha kupanda miti Kisarawe au cha vyoo vya soko. Alifunze jicho lake kuuliza mawili kwa kila herufi: je, linagusa kifungu chote au kipande? Na je, lingeweza kuwa jibu la kifungu kingine kabisa? Linalofaulu maswali yote mawili hapa ni B.

Nyumbani hahitaji vitabu vya ziada. Tangazo la dawa ya mbu, maelekezo ya pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini, barua ya serikali ya mtaa na ukurasa wa michezo vinatosha. Vinne hivyo vina malengo manne tofauti, na vyote vinapatikana bila gharama kubwa.

ChakiNyeupe, Mbagala

Nashukuru sana, hili la "eti" na la "tu" sikuwahi kuliweka ubaoni kama somo. Naomba niulize mawili zaidi. Kifungu kikiwa na malengo mawili tunafanyaje? Mwandishi anaweza kutoa takwimu na maelezo robo tatu ya habari, halafu akashawishi mwishoni. Wanafunzi wanasema wingi ushinde. Na pili, kifungu kikiwa ni hadithi fupi?

Peni Nyekundu, Kinondoni

Wingi usishinde. Kwenye kifungu chako sentensi mbili za mwanzo zinaarifu, ya tatu inapeleka maoni ya watu na ya nne inayakubali nusu, na inayoagiza waziwazi ni ya mwisho peke yake. Tukihesabu kwa kura, kushawishi kunashindwa. Badala ya kuhesabu, wafundishe kufuta. Futa maelezo ya Jangwani na 2011: je, sentensi ya mwisho bado inasimama? Inasimama, ila imepungukiwa nguvu. Sasa futa sentensi ya mwisho na ubakize maelezo: je, tunajua kwa nini tumeambiwa habari za vifuu na mitaro? Hatujui tena vizuri. Sehemu ambayo ikitoka nyingine zinakosa kazi ndiyo yenye lengo. Nyingine ni watumishi wake. Swali likisema "malengo mawili", basi atoe mawili. Likisema "lengo", atoe moja, asiweke "na pia" ya kujikinga.

Hadithi ina mtego mmoja mkubwa: kumchanganya mwandishi na mhusika. Mhusika akisema "shule haina faida", hilo si la mwandishi hadi tuone hadithi inamfanya nini aliyelisema. Atazame mhusika alianza wapi, akafanya nini, akaishia wapi. Mtu aliyekuwa na tabia fulani akipatwa na hasara *kwa sababu ya* tabia hiyo, mwandishi anaikosoa. Hasara ikimpata kwa bahati mbaya tu, usikimbilie kusema anaonya. Pengine anahuzunisha au anachekesha, na hiyo ni kazi halali. Watoto wetu wanaona aibu kuandika "kuburudisha" kwa kudhani kila hadithi sharti iwe na funzo. Funzo ni lile analolipata msomaji, na wasomaji wawili wanaweza kuondoka na mafunzo mawili. Lengo ni la aliyeandika, na lazima lioneshwe kwenye maandishi yake.

Kuna kitu nilisahau juu kuhusu kichwa cha habari, maana maswali haya mawili hukaa jirani kwenye karatasi. Kichwa na lengo visipingane. Aliyesema lengo ni kushawishi kisha akaandika kichwa "Mafuriko Dar es Salaam" amejisaliti. "Tusafishe Mitaro Yetu" ni maneno matatu na yamebeba kitu kile kile. Vivyo hivyo kwenye ufupisho: ukishalijua lengo, unajua cha kutupa. Mwaka 2011 unaweza kwenda. Chombo chenye mfuniko na siku ya usafi kabla ya Machi havitoki.

Daftari la Ubao, Temeke

Niongeze zoezi, kwa sababu kusahihisha majibu peke yake hakutoshi. Wanafunzi wanaanza kuliona lengo wanapolibadilisha wao. Chagua mada moja ambayo kila mtoto wa Dar anaijua, iandike ubaoni kwa njia nne bila kutaja lengo la yoyote:

"Mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma Dar es Salaam mwaka 2016. Awamu ya kwanza inaunganisha Kimara na Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani."

"Lipa nauli kabla ya kuingia jukwaani. Simama nyuma ya mstari. Waache wanaoshuka watoke kwanza."

"Basi moja refu linabeba watu ambao wangejaza daladala kadhaa. Kwa nini basi uendeshe gari peke yako kutoka Kimara na kuongeza foleni Ubungo? Liache nyumbani kesho."

"Mlango ukafunguka. Mguu wa kulia wa Mzee Kondo ukaingia, wa kushoto ukabaki kituoni. Kikapu chake cha dagaa kikasafiri bila yeye hadi Magomeni."

Dakika 10 za kwanza, wakiwa wawili wawili, waseme kila kimoja kinamtaka msomaji nini, na wataje neno lililowaonyesha. Wataona kwamba cha pili na cha tatu vyote vina amri ("lipa", "simama", "liache"), lakini cha pili kinamwelekeza mtu ambaye ameshaamua kupanda, cha tatu kinamgeuza mtu ambaye hajaamua. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo usiharakishe. Tofauti ya kuelekeza na kushawishi haiko kwenye amri, iko kwenye sababu. Kushawishi hutoa sababu ya kukubali. Kuelekeza hutoa mpangilio wa kufuata.

Kisha dakika 15: kila jozi ipewe mada yake (mkaa, simu shuleni, dagaa, vivuko vya Kigamboni) na lengo moja kwenye kikaratasi, iandike sentensi nne. Jozi ya jirani isome na kukisia lengo pamoja na ushahidi. Wakikosea, walioandika warekebishe maneno matatu tu hadi lengo lionekane. Hayo maneno matatu yaandike ubaoni, kwa sababu baada ya vipindi vitatu au vinne darasa linakuwa na orodha yake lenyewe ya dalili, iliyotoka kwenye kalamu zao. Sentensi zisizidi nne. Zikifika nane wanaanza kuchanganya malengo na kukisia kunakuwa kugumu bila faida.

Kwa darasa lako la jioni, ChakiNyeupe, ningeanza na kile kifungu cha mitaro: kiandikeni upya kama taarifa tupu, bila "eti", bila swali, bila "-etu", bila -e. Wahesabu sentensi ngapi zimebaki.